Nyumba Tisa Alizoziruka Severine

Mume wangu Severine alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wake nusura utulaze njaa. Mwaka 1956 aliacha kupiga nyundo kwenye karakana ya Gerezani, akaajiriwa na mtafiti mmoja Mzungu aliyekuja kuchunguza nafsi za watu wa Kariakoo: wanalalaje, wanaogopa nini, nini kinawanyima raha. Kazi ya Severine ilikuwa kuwapata wa kuulizwa, kuwasomea maswali na kuandika majibu yao. Alihesabu nyumba mtaa kwa mtaa, na kila ya kumi akapiga hodi.

"Usichague wewe," aliambiwa siku ya kwanza. "Ukichagua wewe utaniletea rafiki zako."

Kwa miezi mitatu alijiita karani, nami nikamwita hivyo kwa sauti ili majirani wasikie.

Siku moja akarudi amenywea. Mtafiti alikuwa amepitia majibu ya watu mia mbili, asione hata mmoja aliyefiwa mwaka ule. Alimuuliza kama Kariakoo watu hawafi, akampa mpaka Jumatatu ajieleze, la sivyo kazi basi.

"Umefanya nini, Baba Eliasi?" nikamuuliza.

"Nyumba yenye msiba niliipita, nikagonga kwa jirani. Utamuulizaje mfiwa kama analala vizuri?"

Sikuweza kumcheka, maana hata mimi ningepita. Lakini niliogopa, kwa kuwa kule karakana nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Nikamwambia akaseme kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.

Jumatatu akaenda. Bahati yake, kila nyumba aliyoiruka alikuwa ameiandika pembeni mwa daftari. Zilikuwa tisa. Mtafiti alifoka, kisha akatulia, akamwambia azirudie zote. Anayekataa aandikwe kuwa amekataa, asitiwe jirani mahali pake. Kazi haikupotea. Severine aliponiambia, nilikaa kizingitini nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Tulianza kwa Bi Mboni, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Arobaini ya mwanawe Nassibu, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo sokoni, ilikuwa imeshapita. Nilifuatana na mume wangu kwa sababu aliogopa kutukanwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Severine alisoma swali la kwanza bila kuinua macho. "Je, unapata usingizi?"

"Sipati," akajibu Bi Mboni. "Na wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Wote wanaokuja hapa wananiambia nivumilie, nami naitikia, wanaondoka."

Akajibu moja baada ya jingine. Alisema anavyoogopa asubuhi, na anavyopika chakula cha wawili kisha akakitazama. Severine aliandika mpaka mkono ukamuuma, halafu akafunga daftari.

"Maswali yameisha?"

"Yameisha, mama."

"Mimi sijamaliza kujibu," akasema.

Severine akalifungua tena.