Masale Kwenye Lango la Shule

Leo mkuu wetu wa shule ameomba radhi mbele ya wazee wote, bila kujua.

Tangu kiangazi kianze, Mwingereza huyu ameyageuza maji ya mfereji wetu yanyweshe uwanja wake wa mpira. Migomba ya mama yangu imekauka. Kisha anawaalika wazee, eti shule na wenyeji wawe marafiki.

Marafiki!

Asubuhi akaamuru lango lipambwe kwa masale.

Masale, jamani! Jani ambalo huku Meru unampelekea uliyemkosea, ukimwomba akusamehe. Mimi, mwalimu na mkalimani wake, nilijua. Nikanyamaza.

Wazee walipoliona lango wakanong'onezana. Tulipoketi, mzee anayesimamia mfereji akasimama.

"Binti yangu, mwambie tumeyaona masale yake. Tumemsamehe. Maji yanarudi lini?"

Nilimfasiria mkuu kila neno.

Akacheka. Alicheka kweli, mbele yao.

"Waambie ni mapambo tu. Maji hayaendi popote."

Wote wakanitazama mimi. Mama alikuwa nyuma kabisa, kashika kitambaa chake cha kichwa mkononi.

Nikawageukia.

"Anasema kesho alfajiri mkaufungue mfereji wenyewe."

Makofi, vigelegele! Mkuu akainamisha kichwa kama mfalme anayeshangiliwa, akaniuliza wanashangilia nini.

"Wameyapenda mapambo, Bwana."

Kesho maji yatakuwa migombani, nami huenda nisiwe na kazi. Sijutii hata kidogo.

Ninyi mliosoma nami chuoni, semeni kweli: mngefasiri vipi?