Dhahabu ya Obdulia

"Shangazi, nani kakuibia dhahabu yako?"

Nereida alikuwa na miaka sita, hajui bado kunong'ona, na swali lake lilisikika soko zima la Juchitán, kutoka kwa akina mama wa samaki mpaka kwa wale wa maua. Shangazi yake Obdulia, muuza totopo, zile chapati kavu za mahindi, alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Pale mbele kinywani, palipong'aa jino la dhahabu tangu siku ya harusi yake, sasa palikuwa na jino la kawaida tu, tena limefubaa.

Obdulia akacheka, mdomo wazi, kila mtu aone. "Nunueni totopo, jamani! Mdomo wangu hauuzwi."

Dhahabu ile alipewa na mama mkwe wake, Bi Lugarda. Sonara aliivika juu ya jino zima lisilo na kasoro, kwa kuwa mwanamke wa pale kwenda kwenye sherehe bila dhahabu kinywani ni kama kwenda bila sketi. Bi Lugarda mwenyewe alikuwa na meno matano ya dhahabu, na kila moja lilikuwa na jina.

"Watoto watano, meno matano," alisema akiyapitia kwa ulimi. "Kila mtoto anakuja na kuchukua lake. Likitoka unaweka dhahabu, maisha yanaendelea."

Kwa hiyo, mwanzoni mwa mimba, fizi za Obdulia zilipoanza kutoa damu, hakushtuka. Alijua mtoto ameanza kudai chake. Kila asubuhi alitapika, na papo hapo akasugua meno kwa nguvu zote kuondoa ule uchungu. Damu ilipozidi, akauweka mswaki kando kabisa. Fizi iliyoizunguka dhahabu ikavimba kama punje ya hindi iliyolowekwa. Akawa anatafuna upande mmoja, halafu hata huo ukamshinda. Mwanamke aliyeoka totopo tangu utotoni akabaki kunywa uji. Mkunga alipompima uzito, akakunja uso.

"Umepungua. Sasa huyo wa tumboni anakula nini? Nenda kwa daktari wa meno."

"Daktari wa meno, na mimba hiyo?" Bi Lugarda aliruka kutoka kwenye bembea yake ya kulalia. "Sindano itashuka mpaka kwa mjukuu wangu! Na hiyo dhahabu ikitolewa, watu watasema mwanangu kaiweka rehani."

"Na nisipokula, mama?"

"Utakunywa uji. Mimi sikunywa?"

Obdulia akaenda hivyo hivyo, peke yake, mkono mmoja shavuni, mwingine tumboni. Daktari alimwambia ganzi ile haitamdhuru mtoto, na kwamba miezi ile ya katikati ni wakati mzuri wa kutibiwa. Akaing'oa ile dhahabu. Chini yake jino lilikuwa limeanza kuoza, na uchafu umejibanza mahali ambapo mswaki haujawahi kufika.

"Mtoto hachukui meno ya mtu," daktari alisema. "Mimba inazifanya fizi ziwe na hasira za haraka, basi. Ukitapika, sukutua kwanza kwa maji, subiri kidogo, ndipo upige mswaki, taratibu. Usiache hata zikitoa damu."

Akalisafisha jino, akaliziba. Halikung'oka.

Obdulia alirudi na dhahabu kwenye leso, akaiweka mbele ya mama mkwe. Bi Lugarda akageukia ukutani. Hakumsemesha siku hiyo, wala zilizofuata, mpaka jioni moja Obdulia alipoketi na kuuma totopo nzima. Kru! Kru! Kru! Bembea ikatulia. Bi Lugarda alikuwa anasikiliza.

"Tafuna polepole wewe," alisema hatimaye. "Utaamsha mtaa." Kisha akamsogezea jibini.

Mtoto, Yadira, alizaliwa mnono, na baadaye akafuatwa na wadogo wawili. Siku hizi mswaki wa Obdulia unakaa mfukoni mwa aproni, na mteja mjamzito hapewi totopo kabla hajafungua mdomo fizi zake zikaguliwe. Wanamwita Daktari Totopo. Anawaambia foleni iko huku.

Mwezi uliopita Nereida, sasa kidato cha nne, alikuwa akimpangia kapu. Akakumbuka kwamba swali lake la zamani halikujibiwa, akaliuliza upya, safari hii kwa sauti ya chini.

Obdulia akavunja totopo kwa meno ya mbele, akatafuna mpaka ikaisha.

"Hakuna aliyeniibia, mwanangu. Dhahabu yenyewe ndiyo ilikuwa inaniibia jino, na mimi nachekelea."