Viatu Nilivyompelekea Mjomba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipanda mlimani Kinole kwa mjomba na viatu vya mtumba kwapani, nikijiona mpwa bora kuliko wapwa wote. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Nilikuwa kijana wa Kihonda, kule mjini, nauza mitumba, na kila kilichotoka ng'ambo nilikiamini kupita kiasi.

Mjomba ndiye aliyenilea. Kwetu Waluguru mjomba ni mzazi, usisahau. Moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno, hata akawa anaanguka shambani. Madaktari wakamwekea kifuani mashine ya kuupigisha, akasimama, akarudi kwenye mdalasini wake. Siku ya kliniki ilipofika nikamwambia, "Mjomba, betri bado mpya, twende kufanya nini?" Akanisikiliza, masikini.

Miezi ikapita. Kandambili zikaanza kumbana, majirani wakamsifu kuwa amenawiri. Mimi nikamchagulia kwenye belo langu la mitumba viatu vikubwa zaidi. Alivivaa akicheka, lakini kufika barazani tu alitweta. Nikasema ni uzee.

Mkewe akanikazia macho. "Tangu lini uzee ukavimbisha miguu? Mpeleke mjini!"

Hospitalini daktari alimbonyeza mguu, kishimo kikabaki. Akavitazama vile viatu vikubwa, akaniuliza, "Wewe ndiye uliyemletea viatu hivi?"

"Ndiyo, daktari."

"Ungemleta yeye, kijana. Mashine inaupigisha moyo, lakini kwa baadhi ya watu, kadiri muda unavyokwenda, moyo wenyewe hutanuka na kupungua nguvu. Ndiyo maana tulimpa tarehe ya kurudi."

Nililia mbele za watu. Mjomba akanishika mkono. "Mwache, daktari. Mpwa wangu ananipenda, hakujua tu."

Dawa zilimpunguzia uvimbe, akaishi nami Kihonda miaka kadhaa. Ila Kinole hakupanda tena. Mdalasini wake waliubambua wengine.

Mwanangu, chombo kilichomo mwilini hakikuondolei kazi ya kumwangalia mtu. Mgonjwa wako akipata nafuu, mpeleke kliniki hivyo hivyo alivyo mzima. Akivimba, akitweta, akishindwa kulala chali, usimtafutie sababu; usipoziba ufa utajenga ukuta. Na akisema hajambo, muulize tena, maana wazee tunaficha.

Mungu akupe macho ya kuwaona walio wako wangali nawe. Akuzeeshe mikononi mwa watakaokupenda kama nilivyompenda mjomba wangu, ila wenye akili kunishinda. Amina.