Michembe Iliyotwangwa Marui

Kwetu Shinyanga viazi vitamu vikizidi haviachwi vioze. Vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa mpaka vinakauka kabisa, na hiyo ndiyo michembe. Ukitaka kula unaichemsha na karanga zilizopondwa, unashushia na maziwa mgando. Mimi nimeolewa Pwani, naishi Tangini hapa Kibaha, na miaka yote hiyo nikiwa na homa, nikiwa nimenuna, nikiwa sina hamu ya kitu, nilikuwa nachemsha michembe aliyonitumia mama kwa basi. Mume wangu ni Mzaramo na mimi Msukuma, yaani alikuwa mtani wangu kabla hajawa mume, na kila nikifungua mfuko aliuliza safari hii wamekatakata ndala za nani. Nilimjibu kwamba watu wanaotia nazi mpaka kwenye maharage wanyamaze.

Mama alifariki nikiwa na mimba ya miezi mitano. Mzigo wake wa mwisho ulikuwa umefika wiki mbili kabla. Baada ya msiba sikutia hata kipande sufuriani. Niliiweka michembe yote kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati, nikajiambia mtoto huyu akizaliwa akaota meno, ataonja mkono wa bibi yake. Picha zipo, lakini picha hailiwi. Nilikuwa mkali na ndoo ile. Siku moja mume wangu aliisogeza akitafuta chaja, nikamfokea mpaka akashuka kwenye stuli bila chaja.

Mtoto alitimiza miezi saba hana jino hata moja, na mimi nikaona vumbi la unga limetuama chini ya ndoo. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa vyakula vikavu, walikuwa wameingia. Michembe ilitaka jua, na uwanja wa nyumba yetu ya kupanga unawatosha kuku wa mwenye nyumba tu. Nikafunga safari, mtoto mgongoni, ndoo mkononi, mpaka Marui kule Kisarawe, kwa mama mkwe.

Sitadanganya, Marui naipendea tumbo pia. Mwaka wa kwanza wa ndoa, bada, ule ugali wao wa muhogo, ulinishinda. Ulikuwa unanata kooni nikitafuta maji huku nikitabasamu. Sasa nikifika nakuta bada lipo tayari, na kisamvu kilichochemka na tui zito mpaka kimetoa mafuta, na papa mkavu wa kuonjea pembeni, nakula mpaka naona haya. "Ongeza, mwanangu, unanyonyesha," husema mama mkwe. Mimi si mtu wa kubembelezwa, naongeza.

Asubuhi nilimwamkia, nikaenda nyuma ya nyumba kuanika michembe yangu juu ya mkeka, kando ya makopa yake, mihogo mikavu ya kutwangia unga. Sikumwambia kitu. Kosa langu ni hilo, kwa sababu ukiiweka michembe karibu na makopa, asiyeijua hawezi kutofautisha. Nikambeba mtoto tukaenda zahanati kupima uzito. Alikuwa anatema kila uji niliompa, wa sembe, wa lishe, wa mchele. Muuguzi alinionyesha mstari kwenye kadi, umelala miezi miwili. Nilirudi moyo mzito.

Nilipokaribia nyumbani nikasikia kinu. Mama mkwe alikuwa ameshatwanga, sasa anachekecha, na mkeka wangu mtupu.

"Makopa yako yameingia dumuzi, mwanangu," akasema. "Nimeona nikutwangie kabla hawajayamaliza. Ila hiyo mihogo ya kwenu, mbona unga wake mtamu?"

Nilimweka mtoto chini. Nikasema maneno ambayo mtu hamwambii mkwewe. Nilimwambia nani kakutuma, nikamwambia hiyo si mihogo, ile ilikuwa kazi ya mama yangu, amekufa, nilikuwa nimemwekea mtoto mpaka aote meno, na hakuna nyingine duniani. Kisha nikakaa kwenye mchanga nikalia kilio ambacho msibani sikukilia, maana kule nilikuwa nahangaika na wageni. Nilimchukia, kweli, kama robo saa hivi.

Hakujitetea. Alichota unga ule kidogo akaingia jikoni, na mimi nikazidi kukasirika, nikaona hana hata aibu. Akarudi na kibakuli cha uji mwepesi aliotia tui kidogo. Akakaa ubavuni mwangu, akanyoosha miguu, akampakata mjukuu wake.

"Mama yako nilimwona siku moja tu, kwenye harusi yenu," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Nimekosa. Lakini huyu ungemsubirisha mpaka lini? Meno hayana haraka, na mtoto ana njaa leo."

Nilitaka kumwambia asimpe. Nilikuwa nimepanga ile siku iweje, na haikuwa hivi, mimi nina kamasi na mtoto hana nguo. Kijiko cha kwanza mtoto alikitema, kama kawaida yake. Cha pili alikiweka mdomoni akatutazama mmoja mmoja. Cha tatu kilipochelewa, alimshika bibi yake mkono akakivuta mwenyewe. Mama mkwe akanisogezea kibakuli.

Nilikipokea. Nikamlisha mwanangu nikimsemesha kwa Kisukuma, lugha ambayo sikuwa nimeitamka tangu tumzike mama, kwa kuwa sikuwa na wa kunijibu.

"Unamwambia nini?" mama mkwe akauliza.

"Namwambia ale, bibi yake amempikia."

Akanitazama. "Bibi yupi?"

"Wote wawili, mama," nikamjibu.