Mbawakawa Kwenye Chetezo cha Posa

Aibu niliyoipata siku ya posa yangu mtaa wetu wa Isevya mzima unaijua, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe kabla ya majirani (ya kwao wameyatia chumvi).

Nilikuwa nimerudi kutoka Goweko, kwenye pango la popo, na mbawakawa mmoja mweusi niliyemsaka tangu nianze utafiti wangu wa chuo. Mmoja tu. Ili nithibitishe ni wa ile jamii inayopenda giza ilibidi nihesabu vipingili vya nyayo zake: miguu ya mbele viwe vitano, ya nyuma vinne. Nilidhani amekufa, na kwa kuwa kwetu sisimizi hawaachi kitu, nikamtia kwenye kopo tupu la udi, maana linafunga vizuri, nikaenda kuvaa kabla sijamhesabu.

Wanawake wa upande wa mchumba wangu wakafika, nikaitwa kusalimia, shikamoo huku na marahaba kule, na shangazi yangu, bila habari, akachukua kopo lile lile, akamimina kile kipande cheusi kwenye chetezo (kwa kweli kinafanana na udi) akaanza kumfukizia bibi yake mchumba. Kumbe mbawakawa hawa wakishikwa hujifanya wamekufa. Joto likamzindua yule wangu, akainua makalio, akatoa uvundo wake, na sebule nzima ikaziba pua.

Wote walikimbilia mlangoni. Mimi niliwaza miguu ile ya nyuma inaungua, na utafiti wangu nao, nikatia mkono kwenye chetezo, nikamtoa, vidole vinawaka.

"Bibi, naomba miwani yako kidogo," nikamwambia bibi yake mchumba pale mlangoni.

Akanipa, nadhani kwa mshtuko. Nikaishika juu ya mdudu, nikahesabu, nikarudia. Vinne.

"Ni yeye," nikasema, na machozi ya furaha yakanitoka mbele ya wakwe.

"Ni nani?" bibi akauliza.

Nikamweleza yote, kuanzia pango hadi kipingili cha mwisho, huku mama akinikonyeza ninyamaze. Wageni waliondoka bila kugusa pilau. Mama hakunisemesha mpaka mshenga aliporudi na habari: posa yao iko palepale.

"Bibi kasema, msichana anayetia mkono motoni kwa ajili ya mdudu hawezi kumtupa mjukuu wake."

Nimeapa sitaweka tena mdudu kwenye chombo cha wageni. Lakini mkiniuliza kama najuta, sijuti hata chembe: nilimtambua mwenyewe, kwa miwani ya kuazima.