Baba mkwe wangu alisafiri hadi Gede, akaishia mlangoni

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni bibi wa Ikonge, Nyamira. Kutumia simu nimejifunza ukubwani, kwa hivyo mkiona makosa ni yangu. Haya yalinitokea mwenyewe, na anayedai natunga aje kwangu aone ukuta.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nimeolewa juzi tu.

Kwetu Wagusii kuna chinsoni, yaani heshima ya kuoneana haya. Baba mkwe hakai bega kwa bega na mke wa mwanawe, na nyumba ya huyo mke haingii. Si chuki. Ndivyo tulivyopendana.

Sasa Tata, baba mkwe wangu, alikuwa fundi wa mawe. Alikuwa amesikia kwamba huko pwani kuna magofu ya mji wa kale, Gede, na ndani ya kuta kuna vidaka, vishubaka vilivyojengwa humo humo ukutani. Aliota kuviona kabla hajafa. Mume wangu alipopata likizo ya Krismasi akasema twende sote watatu.

Treni kutoka Kisumu ilijaa hadi watu wakakalia magunia. Mume wangu alikaa katikati yetu.

Lakini mume wangu huyo na chai! Kila stesheni anashuka kuinunua, na kila akishuka, Tata anasimama asikae bega kwa bega nami. Abiria wakadhani mzee ana jipu.

Mwishowe nikainua mkungu wetu wa ndizi nikauweka katikati. Tata akaketi, akashukuru akiangalia dirishani.

Baada ya Voi sijui kama nilikuwa nimelala au macho. Nakumbuka nchi nyekundu, jua jipya, na Tata akihesabu madaraja ya mawe kwa vidole.

Gede yenyewe iko ndani ya msitu. Mizizi imekumbatia kuta, mwanga unashuka wa kijani, kima wanapita juu ya kuta kama wenye nyumba. Mwangalizi akatuonyesha nyumba moja isiyo na paa, akasema ndiyo pekee yenye vidaka vizima.

Nilikuwa natembea kama niko ndotoni. Nikaona mlango, nikaingia.

Hapo ndipo nilipokosea. Tata alikuwa nyuma yangu, akakwama kizingitini.

"Natoka, Tata, uingie."

"Umeshaingia, mokamwana." Ndivyo tunavyomwita mke wa mwana. "Hiyo sasa ni nyumba yako."

Mume wangu akamwambia hayo ni magofu tu, wenyewe walikufa zamani. Mzee hakusogea. Nilitamani kulia. Safari yote ile, na mimi ndiye niliyemfungia mlango.

"Basi nieleze," akasema, akageuza uso kando.

Nikamweleza, nikipima kwa mwili wangu. Kidaka kinafika begani. Kina chake ni kiganja na nusu. Juu kimepinda hivi, jiwe la mwisho limebana kama kabari. Yeye amefumba macho, anauliza polepole, nami najibu. Sijui tulikaa muda gani pale. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia.

Mwaka uliofuata Tata alitujengea nyumba ya mawe. Siku alipoimaliza akatoka nje, akaniambia niingie na taa.

Ukutani kulikuwa na kidaka. Tata alikuwa mrefu, kwake kilifika kifuani. Kwangu kilifika begani kabisa.

"Taa imekaa?" akauliza kutoka uani.

"Imekaa, Tata."

Hakuingia tena humo hadi tulipomzika.

Funzo langu ni hili: ukimpeleka mtu mahali alipopaota, mwache atangulie mlangoni. Ingawa kila jioni nikiweka taa pale, majuto yenyewe huwa siyaoni vizuri.

Nanyi wakuu, nani kati yenu aliwahi kumtangulia mtu hivyo? Semeni, chai bado iko motoni na mimi sina haraka.