Filta Iliyolala Sandukuni

Wanangu wakimwaga oili ya magari yao uani kwangu, huwa naomba kitu kimoja tu: filta iliyotoka. Naiweka juu ya jiwe, naitoboa kwa msumari na nyundo mara tatu au nne, kisha naitupa shimoni. Wananicheka. Wananiambia filta za siku hizi ni kopo lililozibwa, hata mtu akitaka kuifua hawezi. Naitoboa kwanza, ndipo narudi jikoni kutazama makande yangu.

Kisa chenyewe wanakijua, lakini wanakijua kwa kifupi, kama watoto wanavyojua mambo yaliyotokea wakiwa wadogo. Baba yao alipoteza mguu mlimani. Injini ilinoki. Basi. Kirefu chake ninacho mimi.

Tulikuwa na Landrova kuukuu ya dizeli ambayo mume wangu aliinunua kwenye mnada wa shamba la mkonge. Kijiji chetu kiko milimani, juu ya Bombo, na kwa miaka mingi hilo ndilo lilikuwa gari pekee upande wetu. Lilishusha tangawizi, lilishusha wagonjwa, na mara moja lilipandisha bibi harusi na kabati lake. Kila wiki mume wangu aliteremka nalo hadi bondeni, akapita Kisiwani kwenye vumbi lile lisilo na huruma, akafika Same, akarudi.

Miaka ya shida, ungeuliza oili ya injini inabadilishwa baada ya kilomita ngapi, watu wangedhani umelewa. Oili ilibadilishwa siku ilipopatikana. Ilikuwa ya kibali, na kibali kilikuwa na wenyewe. Kwa hiyo tulifanya walivyofanya wote: tulimwaga ile nyeusi kwenye debe, tukaifunika, tukaiacha stoo wiki mbili itulie. Uchafu ukishakaa chini, niliimimina ya juu taratibu, nikaichuja kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, ikarudi kwenye injini. Filta ya gari lile ilikuwa ya karatasi, imekunjwakunjwa mithili ya sketi ya shule, inakaa ndani ya kikombe cha chuma. Nayo niliifua. Niliiloweka kwenye mafuta ya taa, nikapitisha mswaki mkuukuu katikati ya mikunjo, nikaianika kivulini.

Hiyo ilikuwa kazi yangu, na sitasema uongo, niliionea fahari. Mume wangu akilala chini ya gari kufungua na kufunga, mimi nilikuwa pembeni na kikombe: natoa filta, nafua, narudisha, nampa kikombe kikiwa tayari, naye anakifunga bila hata kuchungulia ndani. Aliniamini hivyo. Wake wa madereva wa bondeni walipanda mlima kuja kuniuliza nafuaje.

Kisha biashara ikafunguliwa. Ghafla Same ikawa na maduka ya vipuri, makopo yamepangwa mpaka darini, mengine yana maandishi ambayo hata muuzaji hakuweza kuyasoma. Tulinunua kwa mzee mmoja Mwislamu, duka lake liko kando ya barabara kuu, ukoo wao umekaa pale tangu enzi za mababu. Kwenye shida alikuwa ametukopesha mkanda wa feni na hakuuliza tutaurudisha lini. Siku ile tulimkuta na oili mpya, akaiita sintetiki, kopo linang'aa. Mume wangu alimpa shikamoo yake, akauliza ile oili inakaa muda gani.

Mzee alieleza bila haraka. Kwa gari la lami, alisema, kilomita elfu kumi. Kwetu sisi wa milima na vumbi, gia ndogo kutwa nzima, tusithubutu, tumwage kwenye nusu ya hapo. Na mara hii ya kwanza tusingoje hata hiyo nusu. Oili hii inaosha, alisema, itabandua masizi yote ya miaka ya nyuma, kwa hiyo baada ya mwezi mmoja tumwage tena. Na filta iwe mpya, kila mara oili inapokuwa mpya. Kisha akanigeukia mimi, akatabasamu.

"Nawajua nyie Wapare wa juu. Kitu kipya mnakipeleka sandukuni. Hii filta, mama, ikaende kwenye injini."

Tulicheka wote watatu. Watu hututania kwa ubahili siku zote, tumezoea.

Tulipofika nyumbani mume wangu alinipa filta ndani ya boksi lake, akajilaza chini ya gari. Nikaitoa. Ilikuwa nyeupe, kavu, inanukia karatasi ya daftari jipya. Iliniuma. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hakuipitia miaka ile. Tulikuwa tumefua nguo kwa majani ya mpapai, tumekunywa chai bila sukari, na jambo moja tulilojifunza ni kwamba kilichopo leo kesho hakipo. Maduka yaliyofunguka yangeweza kufungwa. Na ile ya zamani ilikuwa bado haijachanika. Nilikuwa nimeifua mara tatu. Ya nne ingeshindikana kwa nini? Maneno ya mzee niliyaona maneno ya muuza duka, anayetaka turudi upesi. Akiba haiozi, nikajiambia.

Nikaifua ile ya zamani, nikaipepea mpaka mafuta ya taa yakakauka, nikaitia kwenye kikombe, nikampa mume wangu. Alikipokea, akakifunga. Filta mpya niliirudisha kwenye boksi, nikaifunga kwa kitambaa, nikailaza chini kabisa ya sanduku langu, kati ya mashuka na vidonge vya kufukuza nondo, isubiri siku mbaya.

Sikumwambia. Nilipanga kumwambia siku itakapohitajika, anione mwenye akili.

Wiki ya kwanza oili iligeuka nyeusi tii. Mume wangu alifurahi, akasema mzee alisema kweli, inaosha. Mimi nilitazama kile kijiti cha kupimia, nikaenda kuchambua maharage. Wiki ya pili injini ilianza kugonga asubuhi, kidogo tu, ikipata moto inaacha. Alisema ni vali. Wiki ya tatu niliamua kwenda naye Same kununua sare za watoto.

Tuliondoka baada ya jua kutoka. Nyuma tulikuwa na magunia ya tangawizi na wanawake wanne, mmoja amebeba mtoto mgongoni. Mimi nilikaa mbele. Hatujafika mbali, kwenye kona ya kwanza kali, taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi, ikazima. Kona ya pili ikawaka tena, ikakaa kidogo, ikazima.

Alisimamisha gari penye chemchemi. Akafunua boneti, akavuta kijiti, akakipangusa, akakizamisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa imejaa mpaka kwenye alama. Alisimama pale amekishika, anawaza.

"Imejaa," aliniambia. "Na filta ni mpya. Basi ni waya wa taa tu."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Maji yalikuwa yanatiririka, wale wanawake wanacheka nyuma, mtoto analia kidogo. Nilikuwa na nafasi ya kusema, tena kubwa, na sikusema. Niliona aibu. Niliogopa kuchekwa na wale wanawake, ambao baadhi yao ndio niliowafundisha kufua filta. Nikasema labda ni waya.

Tukapanda. Kutoka pale barabara inateremka, mlima uko kulia, na kushoto hakuna kitu. Taa iliwaka, safari hii haikuzima. Nikaanza kusikia mlio chini ya miguu yangu, chuma kinasaga chuma, na harufu. Mume wangu alikaza mikono kwenye usukani. Nikamwita. Nikafungua mdomo kumwambia, na injini ikakamata, haizunguki tena.

Magurudumu ya nyuma yalijifunga palepale, gari likaanza kuserereka kwenda kushoto. Alikanyaga klachi, likaachia, likakimbia. Akakanyaga breki, nazo zilikuwa zimeshachoka kwa mteremko. Aliangalia kushoto mara moja. Kisha akakata usukani wote kulia, akalibamiza gari kwenye ukuta wa mlima, na alilibamiza makusudi upande wa mbele, kwenye kona yake yeye mwenyewe kwa kadiri alivyoweza kuligeuza. Bati lilijikunja likambana mguu chini ya usukani.

Wanawake walichubuka, mtoto hakuumia hata ukucha. Mimi nilipasuka paji la uso. Mume wangu hatukuweza kumtoa mpaka wanaume walipokuja na mitaimbo kutoka mashambani, jua limeshapanda, naye alikuwa anaona baridi.

Mguu ulikatwa Same, chini ya goti.

Fundi aliyeifungua injini alikuwa mtu wa Kigoma, alikuja zamani kufanya kazi ya matrekta kwenye mkonge. Alikwangua matundu ya njia za oili kwa waya, akatoa vipande vyeusi vilivyolowa, akavitandaza kwenye gazeti. Karatasi, alisema. Filta imesambaratika, ikaziba njia zote, vyuma vikakaukiwa. Akavipeleka hospitali mume wangu avione.

Mume wangu alivigeuzageuza kwa kidole. Kisha akasema lile ambalo mtu yeyote wa wakati ule angesema: filta bandia. Nchi ilikuwa imejaa vitu bandia, dawa bandia, betri bandia, na kila mtu alikuwa na kisa chake. Waliokuja kumjulia hali waliitikia. Mzee yule kumbe ndivyo alivyo, walisema, na kanzu yake nyeupe. Nilikuwa nimekaa chini, mgongo umeegemea kitanda, nikachomoa uzi kwenye kanga yangu mpaka ikafumuka pembeni.

Alipoweza kutembea kwa magongo alikwenda dukani kwa mzee akamtukana mbele ya wateja. Mzee aliapa hajawahi kumuuzia mtu kitu asichokijua. Watu wa mlimani wakaacha kununua kwake. Mimi nilikuwa nalala kwenye chumba kimoja na lile sanduku, na kila nilipolifungua kutoa shuka nilipitisha mkono juu ya kile kitambaa, boksi lipo. Sikulihamisha. Sijui kwa nini sikulichoma moto. Nadhani nilijua litatakiwa.

Sisi Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi pia. Mume wangu alimshtaki mzee kwenye baraza la kata kulekule Same. Siku ya shauri vile vipande vilikuwa mezani kwenye gazeti lake. Fundi alieleza. Mume wangu alieleza, akapandisha suruali watu wakaona. Mzee alipoulizwa alisimama, akasema hana shahidi ila Mungu, maana filta aliyoiuza hayupo wa kusema ilikuwaje.

Nikasimama. Nilikuwa nimekuja na kikapu. Nikafungua kitambaa, nikaweka boksi mezani kando ya vile vipande, na harufu ya dawa ya nondo ikajaa chumba. Mwenyekiti alilifungua akaitoa. Ilikuwa nyeupe bado.

"Aliyotuuzia ni hii," nikasema. "Ile iliyokuwa kwenye gari niliifua mimi."

Mzee alikaa chini taratibu, akafunika uso kwa kofia yake. Sikumtazama mume wangu. Nilisikia gongo moja likianguka sakafuni, na hakuna aliyeliokota.

Tulirudi nyuma ya lori la watu, tumekalia magunia, tunatazamana na vumbi la Kisiwani. Nilimwomba msamaha njia nzima. Tulipoanza kupanda mlima, pale kwenye ukuta wenye alama ya bati letu, ndipo alipofungua mdomo.

"Mguu nimekusamehe," alisema. "Mguu ilikuwa shida, wote tulikuwa na shida. Lakini miezi saba umekaa kimya, ukaniacha nimtukane mzee wa watu."

Hakuyarudia tena maneno hayo mpaka anaingia kaburini, na hakunisamehe hilo la pili.